Matembezi ya kutazama kuvumwani za gome katika msitu wa Mlima Rungwe: tathmini ya huduma

Mgeni anayefika Tukuyu huelekezwa Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira na, akiwa na miguu imara, kilele cha Mlima Rungwe. Kikundi kimoja cha waongozaji wanaoishi katika kijiji kilicho kando ya msitu kimeanza kutoa huduma ya namna nyingine: matembezi ya siku nzima, ya mwendo wa pole, ambayo kusudi lake ni kutazama kuvumwani (viumbe vya kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) zinazoota kwenye magome ya miti, hasa zile za ukoko ambazo watu wengi huzipita wakidhani ni madoa ya chokaa au ugonjwa wa mti. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari hapa Mbeya, nimefuatana na waongozaji hawa wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, na ninaandika tathmini hii kwa sababu naiona huduma yao kuwa ya thamani kubwa, na pia kwa sababu lipo jambo ndani yake ambalo lisiporekebishwa litaiharibu. Jambo lenyewe ni hili: wanajua vizuri sana mahali kuvumwani zinapoishi, lakini wanayauza matembezi yao kwa majina na kwa sifa ya uadimu ambavyo lenzi ya mkononi haiwezi kuvithibitisha.

Usafiri hauna ugumu. Kutoka Mbeya mjini unapanda Noah au Coaster ya kuelekea Tukuyu, unavuka milima ya Uporoto, unapita Isongole penye viazi na kabichi zilizopangwa barabarani, kisha unamalizia kwa bodaboda hadi ukingo wa msitu. Msitu wenyewe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, hadhi uliyopewa mwaka 2009, na uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS; kwa hiyo kiingilio hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, mbali na ujira wa mwongozaji. Kikundi kinamsaidia mgeni kupata namba hiyo mapema, na asubuhi hakuna kusubiri. Katika hilo sina la kulalamikia.

Kabla ya kuingia ndani, mwongozaji huwasimamisha wageni chini ya mti wa kwanza mkubwa na kueleza kuvumwani ni nini. Maelezo yake ni sahihi na yanaeleweka hata kwa mtu ambaye hakusoma baiolojia. Anasema kwamba kuvumwani si mmea, bali ni kuvu na mwani wanaoishi katika mwili mmoja: kuvu hujenga mwili huo, hushika gome na kutunza unyevu, na mwani hutengeneza chakula kwa usanisinuru. Ni jambo ambalo wanasayansi wenyewe walichelewa kulikubali. Mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, alipolitangaza mwaka 1867, wenzake wengi waliolisikia walilipinga vikali. Baada ya hapo mwongozaji anaonyesha maumbo matatu yanayoonekana kwa macho. Juu kwenye matawi zinaning'inia zile za ndevu, za jenasi (yaani kundi la spishi zinazohusiana) ya Usnea, ambazo kila aliyewahi kupanda mlima huu anazijua. Kwenye mashina yenye unyevu zipo zile za majani, ambazo unaweza kuinua ukingo wake kwa kidole. Kisha zipo za ukoko, ambazo haziinuki kabisa, kwa sababu hazina ngozi ya chini, na nyuzi za kuvu zinaingia moja kwa moja kwenye tabaka la nje la gome lililokwisha kufa. Kama vile ukoko wa wali ulivyoshikamana na sufuria, huwezi kuibandua kuvumwani hii bila kuondoka na kipande cha kile ilichoshikilia. Ndiyo sababu sheria ya kwanza ya matembezi haya ni kutochubua kitu, na mwongozaji huisimamia bila kumwogopa mtu. Mgeni mmoja alipotoa kisu kidogo mfukoni, aliambiwa kwa upole, mbele ya wote, "Mzee, hapa tunatazama tu, ukitaka kukata, kata tawi lililoanguka."

Sehemu inayofuata ndiyo moyo wa huduma hii. Baada ya mwendo mfupi wa kupanda, mnasimama mbele ya shina moja lenye gome laini kiasi, na hapo mnakaa muda mrefu kuliko mgeni yeyote anavyotazamia. Kila mtu anapewa lenzi ya kukuza mara 10, kwa zamu, na anafundishwa kuitumia inavyopaswa: lenzi inakaa karibu kabisa na jicho, na ni uso wako unaosogea kwenye mti hadi picha itulie. Tochi ya simu inamulika kutoka upande, si kutoka mbele, ili kila kilichoinuka kitupe kivuli. Ghafla doa la kijivu linakuwa nchi yenye mipaka. Mistari myeusi myembamba inayogawa doa moja na jingine ni nyuzi za kuvu peke yake, zisizo na mwani ndani yake, ambazo hutangulia mbele ya mwili na kukoma zinapokutana na jirani. Watu hudhani wanaona kuvumwani moja yenye michirizi, kumbe wanaona kadhaa zilizobanana, kila moja ikiwa na eneo lake.

Ndani ya kila eneo mnatafuta viungo vya uzazi vya kuvu, na hapa mwongozaji ni hodari kweli. Anaonyesha visahani vidogo vya mviringo, vipana kiasi cha milimita moja au pungufu, na anauliza swali linalofaa kuulizwa kwanza: je, ukingo wa kisahani una rangi ya mwili au una rangi ya kisahani chenyewe? Ukiwa na rangi ya mwili, kama ilivyo katika jenasi ya Lecanora, maana yake mwani umo hadi ndani ya ukingo. Ukiwa mweusi kama kisahani, kama katika Buellia, ukingo huo umejengwa na kuvu pekee. Hatua chache mbele anaonyesha nyingine ambayo haina visahani kabisa, bali mistari myeusi mifupi, iliyopinda na kugawanyika, kana kwamba mtu ameandika kwenye gome kwa kalamu ya wino. Hiyo ni jenasi ya Graphis, na kila mstari una mpasuko katikati ambapo spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, hutokea. Zipo pia za Pertusaria zenye vinundu vilivyotobolewa tundu dogo juu, na zipo zile ambazo hazionyeshi chochote isipokuwa nukta nyeusi zilizozama kwenye gome. Nyingine hazina viungo vya spora hata kidogo, bali zimefunikwa na unga mwororo. Unga huo ni chembechembe za kuvu na mwani vikiwa pamoja, zinazopeperushwa na upepo au kubebwa na wadudu hadi gome jingine.

Tofauti hiyo kati ya spora na unga ndiyo inayoeleza, kuliko jambo lolote, kwa nini baadhi ya kuvumwani za gome huwa adimu, na ningependa waongozaji waipe nafasi kubwa kuliko wanavyoipa sasa. Spora ni ya kuvu peke yake. Ikitua kwenye gome lililo sawa, lenye kivuli sawa na unyevu sawa, bado haijapata kitu mpaka ikutane na mwani unaopatana nayo. Aina inayotegemea spora pekee, inayotaka mti mkubwa wa gome la namna fulani, na ambayo hupanuka kwa milimita moja au mbili tu kwa mwaka, haiwezi kuhamia upesi mti wake unapokatwa. Msitu unaweza kuonekana umerudi, ukawa wa kijani kibichi ukitazamwa kutoka barabarani, nayo isiwepo tena.

Onyesho lililonifurahisha zaidi linafanywa kwa chupa ndogo ya kunyunyizia, iliyojazwa maji ya mvua. Mwongozaji analowesha nusu ya doa la kijivu na kuacha nusu nyingine kavu, na ndani ya dakika moja nusu iliyolowa inageuka kijani. Kinachotokea ni kwamba ngozi ya juu ya kuvumwani inapofyonza maji hupitisha mwanga, na tabaka la mwani lililo chini yake likaonekana. Kiumbe hiki hakina mizizi wala njia ya kuzuia maji yasipotee. Hukauka hewa inapokauka, kazi zake zikasimama, kisha huamka unyevu unaporudi. Kwa hiyo rangi peke yake ni shahidi dhaifu, na mtu aliyekuja mwezi wa Agosti atasimulia msitu wa kijivu, hali aliyekuja Machi atasimulia msitu wa kijani, wote wakiwa wametazama magome yaleyale. Kisha kwenye tawi lililoanguka anakwangua kidogo kwa ukucha, na badala ya kijani inatokea rangi ya manjano inayokaribia chungwa. Huo ni mwani wa jenasi ya Trentepohlia, ambao umeenea sana katika kuvumwani za ukoko za misitu ya kitropiki. Rangi yake ya chungwa hufunika ukijani ulio ndani.

Kutoka hapo njia inaingia sehemu ya msitu yenye miti mikubwa, na mafundisho yanageukia makazi. Mlima Rungwe una kimo cha takriban mita 2,960, na miteremko yake ya kusini, inayopokea hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Mtu angedhani kwamba penye unyevu wote huo kuvumwani za ukoko zingejaa kila mahali. Sivyo. Penye mvua nyingi kabisa, upande wa shina ambao maji huteremkia, kuvumwani hizi hushindwa na kigoga, okidi na zile kuvumwani za majani, ambavyo hukua haraka na kuzifunika. Za ukoko huzipata kwenye matawi machanga yenye gome laini ambalo kigoga hakijashika, au kwenye vigogo vyenye kivuli kizito, au upande wa chini wa shina lililoinama, mahali ambapo tone la mvua haligusi mwaka mzima.

Mahali hapo pa mwisho ndipo matembezi yanapofikia kilele chake, na wamepachagua kwa hekima. Ni mti mzee, shina lake limeinama kuelekea bondeni, gome lake limepasuka mifereji mirefu inayoingia kidole. Upande wa juu umevaa kigoga kinene kama ulivyo mti mwingine wowote pale. Ukiinama na kutazama upande wa chini, kigoga kinakoma ghafla kwenye mstari ambao maji ya mvua hayavuki, na kuanzia hapo gome lote limepakwa tabaka jembamba, jeupe la kijivu, lisilong'aa, lenye sura ya unga uliokauka. Ndani ya lenzi kuna visahani vidogo vyenye vumbi jeupe juu yake, vimekaa kwenye migongo ya gome na si ndani ya mifereji. Kuvumwani ya namna hii huishi kwa mvuke. Zile zenye mwani wa kijani zina uwezo wa kuamka na kuanza usanisinuru kwa unyevu wa hewa peke yake, bila tone la maji. Zile zenye sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru, kama vile nyingi za majani zilizo upande wa juu wa shina hilohilo, hazina uwezo huo na ni lazima zilowe. Mti mmoja, pande mbili, maisha mawili yasiyoingiliana. Sijapata kuona somo la ikolojia lililo wazi kuliko hilo, na darasani ningelihitaji wiki nzima ili nilieleze nusu yake.

Hapo ndipo mwongozaji alipotoa karatasi iliyowekwa ndani ya plastiki, yenye picha na majina ya Kilatini, akatuambia kwamba tabaka lile ni aina fulani adimu, ya pekee kwa mlima huu, na kwamba ina umri wa miaka 200. Nasikitika kusema kwamba katika kauli hiyo moja aliharibu kazi nzuri ya asubuhi nzima.

Kuhusu jina, jambo liko hivi. Kuvumwani za ukoko hazitambuliwi hadi kiwango cha spishi kwa lenzi na picha. Inabidi kipande kikatwe kwa wembe, kiwekwe chini ya hadubini, zipimwe spora kwa urefu, kwa rangi na kwa idadi ya vyumba vyake, na kemikali za mwili zipimwe kwa matone ya hidroksidi ya potasiamu, kwa dawa ya kuondoa madoa ya nguo, na mara nyingine kwa mwanga wa urujuanimno. Kwa Graphis peke yake, spishi mbili zinazofanana kabisa kwa nje zinaweza kutofautiana kwa spora tu. Tena, kitabu kikuu cha kuvumwani za Afrika Mashariki, kilichotolewa mwaka 1988 na Douglas Swinscow na Hildur Krog, kinashughulikia zile kubwa, yaani za ndevu na za majani, na hizi za ukoko kimeziacha nje. Kwa hiyo mtu anayesimama chini ya mti huko Rungwe na kutaja jina la spishi ya ukoko kwa uhakika anasema zaidi ya kile ambacho macho yake yamemwonyesha.

Wala si sisi peke yetu tunaosumbuliwa na majina haya. Ulaya ipo kuvumwani ya ukoko iitwayo Lecanographa amylacea, inayoishi kwenye gome kavu la mialoni mikongwe, upande usiopigwa na mvua, makazi yanayofanana sana na yale ya mti wetu ulioinama. Ilikuwepo nyingine iliyojulikana kwa jina la Buellia violaceofusca, iliyohesabiwa kuwa ya jenasi nyingine, ya sura nyingine na yenye mwani mwingine. Mwaka 2018 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba hizo mbili ni kuvu ileile: ikiishi na Trentepohlia inajenga mwili wa namna moja, na ikiishi na mwani wa jamii nyingine inajenga mwili wa namna ya pili. Ikiwa katika nchi ambazo kuvumwani zake zimechunguzwa kwa zaidi ya miaka 200 wataalamu waliweza kuiita kuvu moja kwa majina mawili, basi karatasi ya plastiki haitoshi kutufanya tutangaze spishi ya pekee ya Rungwe. Mlima huu una siri za kutosha bila kuongezewa. Msitu huu ndio uliomficha kipunji, aina ya kima mkubwa, hadi watafiti walipomtambua mwaka 2003 na kumtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe.

Kuhusu umri, njia ya kukadiria miaka kwa upana wa kuvumwani ipo, na ilianzishwa na mtaalamu wa mimea Roland Beschel mwaka 1950, lakini ni njia ya mawe. Jiwe hukaa. Gome hupanuka, hupasuka na kumeguka, na kuvumwani iliyo juu yake huvunjika, huungana na jirani na kuanza upya. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko gome lililoibeba.

Nimeliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu ninawatakia mema. Wana hazina ambayo karatasi yenye majina haina: wanajua ni mti upi, upande upi, kimo kipi, na ni kwa nini. Nchini Uingereza, mtaalamu wa mimea Francis Rose alionyesha mwaka 1976 kwamba orodha ya kuvumwani zilizomo msituni inaweza kukuambia kama msitu huo umedumu bila kufyekwa kwa karne nyingi, kwa kuwa aina fulani hazionekani ila mahali penye miti mikongwe isiyokatika mfululizo wake. Orodha ile ni ya Uingereza na haiwezi kuhamishiwa hapa, lakini fikra yake inahamishika. Kama waongozaji wangeandika katika daftari moja kila mti wa aina hii wanaoujua, mwinamo wake, gome lake, kilichopo upande mkavu na kilichopo upande wenye maji, wangekuwa na kumbukumbu ambayo mtafiti yeyote mwenye kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, angeishukuru siku atakapokuja na hadubini yake. Hapo neno adimu lingekuwa na maana inayoonekana: makazi adimu, yanayoweza kuhesabiwa na kulindwa.

Lipo kosa dogo ambalo nalitaja kwa sababu nilimwona mwongozaji mwingine wa kikundi hichohicho akilifanya. Alitia tone la dawa ya madoa kwenye kuvumwani hai ili tuone ikigeuka nyekundu. Kipimo hicho ni cha kweli, na wekundu huo hutokana na asidi fulani zilizomo mwilini, lakini dawa ile huua mahali inapogusa, na doa lililochukua miaka mingi kufikia upana wa sarafu halipaswi kuchomwa kwa ajili ya kuwafurahisha wageni. Kipimo hicho kifanyiwe kwenye tawi lililoanguka.

Kitu nilichokikosa, na ambacho kingegharimu dakika chache tu, ni kulinganisha. Njia ya kurudi inapita kando ya mikaratusi na misindano ya kupandwa, na hakuna aliyesimama. Mkaratusi huambua gome lake kila mwaka, kwa hiyo kinachoshika leo huanguka na gome kesho. Msindano una gome lenye asidi nyingi linalotoka vipande vipande, na hukatwa ukiwa bado kijana. Aliyesafiri katikati ya shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, kubwa kuliko yote ya aina yake nchini, ameona maelfu ya mashina yaliyonyooka na kufanana, na angeweza kuelewa papo hapo kwa nini wingi wa miti si sawa na msitu. Vivyo hivyo, tulipita kwenye mashamba ya parachichi na kahawa ambako wakulima wamekwangua mashina kwa brashi ili kuondoa kile wanachokiita ugonjwa. Kuvumwani hainyonyi utomvu wa mti; imeshika gome lililokufa na chakula chake inajitengenezea kwa mwanga. Mara nyingi inapozidi kwenye tawi, tawi ndilo lililotangulia kudhoofika, majani yakapungua na mwanga ukaingia. Mwongozaji aliyezaliwa kijijini akilisema hilo kwa jirani zake, watamsikiliza kuliko watakavyonisikiliza mimi.

Na kuhusu hewa, wageni wanaotoka mjini wangefaidika kuambiwa watazame miti ya barabarani watakaporudi. Kuvumwani hupokea maji na virutubisho kutoka hewani na kwenye mvua, bila mizizi ya kuchuja, na kwa hiyo hupokea pia moshi. Mtaalamu wa kuvumwani William Nylander aliliona hilo Paris mwaka 1866, alipokuta kwamba bustani ya Luxembourg ilikuwa na kuvumwani ambazo sehemu nyingine za jiji hazikuwa nazo. Mijakaranda iliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, ambayo malori hayakatiki, inafaa kulinganishwa na ile iliyo kwenye mitaa ya juu ya Mbeya chini ya Mlima Loleza, na somo hilo halihitaji kiingilio.

Mambo mengine nayasema kwa ufupi. Lenzi ni chache kwa kundi lenye watu wengi, na kungoja zamu huku baridi ikipenya kwenye viatu kunachosha, kwa hiyo aliye nayo aje na yake, aifunge kwa uzi shingoni isipotee kwenye majani. Chakula cha mchana ni ndizi za kupika, maharage na parachichi, kingi na kitamu. Njia ina utelezi hata wakati wa kiangazi. Mwendo ni mfupi, lakini kusimama ni kwingi, na mzee mwenye magoti mabovu ataumia zaidi kwa kuinama chini ya ule mti kuliko kwa kupanda. Watoto wa shule za msingi wanaweza kuja, mradi kundi liwe dogo; wao huona mistari ya Graphis kabla ya watu wazima. Anayetaka kuona kilele cha mlima au kima asije kwa matembezi haya, kwa maana atakaa siku nzima akitazama magome.

Ujira unalipwa kwa kundi na haubadiliki mkiwa wawili au sita, jambo linalowafaa walimu. Kwa jinsi wanavyosoma gome, kuchagua miti na kuulinda msitu wao, ningewapa alama za juu kabisa bila kusita. Kwa karatasi ile ya majina ninapunguza, na nimewaambia hivyo uso kwa uso kabla ya kuandika hapa. Kiongozi wao aliniuliza waweke nini mahali pake. Nimewapendekezea mchoro wa shina moja lililoinama, wenye pande zake mbili, na majina yasiyovuka jenasi, na wamekubali kuuchora wenyewe. Wakiumaliza kabla ya mvua za Novemba, nitapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu.